Mitungi miwili mgongoni: historia ya watu wanaoshuka kwenye maji baridi

Tangu boti MV Merdi izame tarehe 3 Oktoba 2024 mbele ya bandari ya Kituku, hapa Goma, kuna swali moja ambalo wasikilizaji hawachoki kutuletea: kwa nini hakuna watu wa kushuka chini kuwatafuta waliobaki huko? Boti ile ilikuwa inatoka Minova. Barabara ya Sake kwenda Minova ilikuwa imekatwa na vita, na watu wengi, wakiwemo waliohama makwao, hawakuwa na njia nyingine isipokuwa ziwa. Gavana wa Kivu Kusini alitangaza wafu 78. Kuna familia ambazo mpaka leo hazijapata mwili wa kuzika.

Sitaingia katika habari ya nani alaumiwe. Hiyo tumeisema sana kwenye redio na tutaisema tena. Leo nataka kujibu swali lenyewe kwa kupitia kitu kimoja tu: mitungi ya hewa ambayo mzamiaji anabeba mgongoni. Ukiangalia picha za watu wanaoshuka kwenye maji marefu na baridi, Ulaya au Marekani, utaona karibu wote wana mitungi miwili iliyofungwa pamoja kama mapacha. Mitungi ile haikuwekwa miwili kwa sababu ya fahari. Kila robine na kila pete ya mpira iliyo juu yake ina habari ya mtu aliyekufa au aliyeponea chupuchupu.

Kwanza tufanye hesabu kidogo, ile ambayo hata mtoto wa darasa la sita ataifuata. Mtu anayefanya kazi nyepesi anavuta karibu lita 20 za hewa kwa dakika. Akishuka mita 10 ndani ya maji, uzito wa maji unamkandamiza sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu ya bahari, kwa hiyo hewa anayovuta inakuwa nzito mara mbili. Kwenye mita 40 ni mara tano. Ina maana pafu lile lile, mdomo ule ule, unamaliza lita 100 kwa dakika. Mtungi mmoja wa lita 12 uliojazwa kwa presha ya bari 200 una lita 2,400 za hewa. Gawanya kwa 100: dakika 24, na mtungi ni mtupu. Lakini mzamiaji hawezi kupanda kwa mara moja. Naitrojeni iliyoingia katika damu yake inataka muda wa kutoka polepole, la sivyo inatokota kama soda iliyofunguliwa ghafla. Anatakiwa kusimama hapa dakika kadhaa, pale dakika kadhaa, kama gari linalosimama kwenye kila bariere. Na kwenye kila bariere anaendelea kuvuta hewa. Mtungi mmoja hautoshi.

Historia ya mitungi hii inaanza kwa wachimbaji wa madini. Mwaka 1860 huko Ufaransa, mhandisi wa migodi aitwaye Benoît Rouquayrol alitengeneza chombo cha kumpa hewa mtu anayeingia kuokoa wenzake ndani ya mgodi uliojaa gesi mbaya. Chombo chake kilikuwa na akili: kilitoa hewa pale tu mtu anapovuta. Mwaka 1864, pamoja na afisa wa jeshi la majini Auguste Denayrouze, alikigeuza kiwe cha kuzamia. Ila chuma cha siku zile hakikuweza kubeba presha kubwa, kwa hiyo akiba ya hewa mgongoni ilikuwa ndogo na mtu alibaki amefungwa kwenye bomba linalotoka juu.

Miaka 80 ikapita. Hapa vita vinaingia, na makala pia. Ufaransa ilikuwa chini ya Wajerumani, mafuta ya gari hayakupatikana, na watu walikuwa wanaendesha magari kwa gesi inayotokana na makala na kuni. Émile Gagnan, mhandisi wa kampuni ya Air Liquide, alikuwa ametengeneza kidhibiti kidogo cha kupimia gesi hiyo kabla haijaingia katika injini. Afisa wa majini Jacques Cousteau akamfuata Paris mwishoni mwa 1942 akitafuta kitu cha kumpa mtu hewa chini ya maji. Mwanzoni mwa 1943 wakakijaribu katika mto Marne wakati wa baridi. Akilala, kinafanya kazi vizuri. Akisimama, hewa inamwagika. Wakasogeza tundu la kutolea hewa, na katikati ya mwaka huo Cousteau akashuka nacho baharini karibu na Bandol. Mgongoni alikuwa na mitungi mitatu ya wastani. Kumbe tangu siku ya kwanza mtu huyu alijua kwamba mmoja hautoshi. Na mimi nikisoma habari hiyo huwa nafikiria jinsi ukosefu wa mafuta na moshi wa makala, vitu tunavyovijua sana hapa kwetu, vilivyozaa chombo ambacho leo watalii wanachezea baharini.

Baridi yenyewe iliingia katika historia hii mwezi wa Agosti 1946, kwenye chemchemi iitwayo Fontaine de Vaucluse, kusini mwa Ufaransa. Ni shimo kubwa chini ya mwamba ambamo mto mzima unatoka ardhini, maji ya baridi hata wakati wa jua kali. Cousteau na rafiki yake Frédéric Dumas walishuka humo kwa kamba kutafuta siri ya chemchemi. Chini, vichwa vikaanza kuwageuka. Dumas akawa kama mlevi, mkono hauwezi kushika. Cousteau akamvuta, akatingisha kamba, na aliyekuwa juu akishika kamba, Maurice Fargues, akaelewa na kuwatoa. Wengine wawili walioshuka baada yao nao walirudi wakiwa hoi.

Walipopima mitungi wakakuta sababu: kompresa iliyojaza hewa ilikuwa inavuta moshi wa injini yake yenyewe. Ndani ya mitungi kulikuwa na ile gesi ya moshi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu waliolala na mbabula wa makala ndani ya chumba kilichofungwa. Kwenye mita nyingi chini, sumu hiyo nayo inaongezeka nguvu mara nyingi, sawa na hewa. Ungeweza kuwa na mitungi miwili, mitatu au minne. Kama aliyejaza hakuangalia upepo unavuma upande gani, umebeba kifo mara mbili. Mwaka uliofuata, Septemba 1947, Fargues huyo huyo aliyewaokoa wenzake alishuka baharini akafika mita 120 kwa hewa ya kawaida, akaandika jina lake kwenye kibao kilichofungwa kwenye kamba, na hakurudi hai. Kwenye kina hicho naitrojeni inalewesha kupita pombe.

Mitungi pacha ya miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa na kasoro ambayo leo inatushangaza. Miwili, ndiyo, lakini iliunganishwa kwenye kidhibiti kimoja tu. Hewa ilikuwa mara mbili, mlango ulikuwa mmoja. Kidhibiti kikiziba, lita elfu tano zilizoko mgongoni hazina faida kuliko maji yaliyo kwenye kisima kisicho na kamba. Hakukuwa na saa ya kuonyesha hewa iliyobaki kwa watu wengi. Kulikuwa na kiwiko kidogo cha akiba. Hewa inapokuwa nzito kuvuta, unashusha kiwiko unapata dakika chache za kupanda. Sasa fikiria kiwiko hicho kimegusa ukuta wa pango na kushuka chenyewe bila wewe kujua. Siku ya kukitafuta unakuta akiba ulishaila zamani.

Aliyebadilisha jambo hili hakuwa mwanajeshi. George Benjamin, mtu wa Canada aliyekuwa akichunguza mashimo ya bluu ya kisiwa cha Andros huko Bahamas, alitaka mitungi miwili yenye milango miwili: ukifunga mmoja ulioharibika, hewa yote ya mitungi yote bado inapita kwa mwingine. Fundi Ike Ikehara akakichonga chombo hicho, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni kipande cha bomba chenye robine mbili, kitu ambacho fundi wa mabomba pale Birere angekiangalia na kusema hiki naweza. Lakini kimeokoa watu wengi kuliko mashini nyingi zenye taa.

Kisha ikaja kanuni. Sheck Exley, mwalimu wa hesabu huko Florida, alikuwa amesaidia kutoa maiti nyingi za vijana katika mapango ya maji ya jimbo lake. Mwaka 1979 alitoa kijitabu ambamo alichukua ajali moja moja na kuuliza ni kosa gani lililoua. Moja ya majibu yake ni kugawa hewa kwa tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi isiyoguswa, ya mwenzako kama chake kimeharibika. Ndiyo maana naona mitungi pacha haikuwa ya mtu mmoja hata siku moja. Theluthi moja ya ule mzigo mgongoni ni ya jirani.

Waingereza walichukua njia nyingine, na mimi nawapenda kwa ubishi wao. Tangu 1935 walikuwa wanazamia katika pango la Wookey Hole, wakiongozwa na Graham Balcombe na Jack Sheppard, kwanza kwa kofia za chuma na mabomba. Mapango yao ni membamba, ya matope, na maji ni baridi sana mwaka mzima. Mara nyingi kufika kwenye maji ni lazima kutambaa kwa tumbo umbali mrefu. Nani atapita na mitungi mikubwa miwili mgongoni? Wakachagua mitungi midogo, mmoja kila ubavu, kila mmoja na kidhibiti chake, bila kuunganishwa kabisa. Hasara yake: lazima ukumbuke kubadilisha, uvute huku, kisha kule, ili yote ishuke sawa. Faida yake: hakuna ajali moja inayoweza kumaliza yote miwili kwa pamoja. Wengi wa wazamiaji wa meli zilizozama, kule pwani ya mashariki ya Marekani, nao walishika njia hiyo ya mitungi isiyounganishwa, ingawa wao waliibeba mgongoni.

Mabishano kati ya njia hizi mbili yalidumu miaka mingi, na yalikuwa na ukali kama mabishano ya mpira. Mafundi walipoweka robine ya tatu katikati ya bomba la kuunganisha, kelele zilipungua. Pete ya mpira kwenye shingo la mtungi wa kulia ikipasuka, unafunga robine ya katikati, na nusu ya hewa yako inabaki salama kushoto. Ila mkono wako lazima uweze kufika nyuma ya shingo lako, ukiwa umevaa glavu nene, vidole vimekufa ganzi. Watu wa maji baridi wanafanya mazoezi ya kitu hicho kimoja mamia ya mara. Kuna wenye mitungi ya bei kali ambao mkono haufiki. Hao wamenunua pambo.

Sasa tufike kwenye chuma, maana hapa ndipo uchaguzi wenyewe ulipo.

Mtungi unaweza kuwa wa chuma au wa aluminiamu. Wale wanaotembelea hospitali wameiona yote miwili kwenye oksijeni: mizito inayogongwa ikalia kama kengele, na myepesi kidogo, minene, yenye kitako bapa. Ya aluminiamu ilienea kwa wazamiaji wa Marekani kuanzia miaka ya 1970, kwa sababu haishiki kutu ya chumvi kama chuma na bei yake ni nafuu. Lakini aloi ya kwanza iliyotumika, iliyoitwa 6351, ilikuwa na ugonjwa wa siri. Ikikaa miaka mingi chini ya presha, nyufa ndogo zinaanza ndani ya shingo. Michache ilipasuka wakati wa kujazwa, na waliokuwa wanajaza waliumia, wengine kufa. Luxfer, mtengenezaji mkubwa, aliiacha aloi hiyo Marekani mwaka 1988 na kuhamia nyingine iitwayo 6061. Mitungi ya zamani bado inazunguka duniani. Vitu vya zamani vina tabia ya kuishia kwenye nchi kama yetu, kwa hiyo anayeletewa mtungi wa aluminiamu wa kabla ya mwaka huo aangalie maandishi ya shingoni kabla ya kushukuru.

Chuma kina adui wake, kutu. Maji kidogo yakiingia ndani, kutu inaanza, na kutu inakula oksijeni. Mtungi uliokaa miaka na unyevu unaweza kuwa umejaa presha na bado ukawa na hewa isiyotosha uhai. Ndiyo sababu wanaufungua na kuuchungulia kwa taa kila mwaka, na kuupima kwa presha ya maji kila baada ya miaka kadhaa.

Ila jambo kubwa zaidi ni hili: mtungi unazama au unaelea? Mtungi wa kawaida wa aluminiamu wa lita 11 unapokuwa umejaa unazama kidogo. Hewa ikiisha unaanza kuelea, unakuvuta juu kwa nguvu ya karibu kilo moja na nusu hadi mbili. Miwili ni mara mbili ya hiyo, na inakuja wakati mbaya kabisa, mwisho wa safari, pale unapotakiwa kutulia kwenye kituo cha mwisho karibu na uso wa maji. Kwa hiyo inabidi ubebe risasi za kutosha tangu mwanzo. Mtungi wa chuma wa lita 12 hata ukiwa mtupu unabaki chini au karibu hapo. Hewa yenyewe ina uzito, watu wengi hawaamini: mitungi pacha ya lita 12 iliyojazwa kwa bari 232 ina zaidi ya lita 5,500 za hewa, na hiyo ni karibu kilo 7. Mzigo wote pamoja na robine na mikanda, kabla hujaingia majini, unakaribia kilo 40. Kidogo tu ufikie mfuko wa simenti.

Baridi ndiyo inayoamua. Katika maji ya joto mtu anavaa vazi la mpira wenye vipovu vya hewa ndani. Akishuka, vipovu vinakandamizwa, vazi linakuwa jembamba na kupoteza nguvu ya kuelea. Mtu huyo akibeba mitungi miwili ya chuma, na ule mfuko wake wa hewa wa kuelea ukapasuka, hana cha kutupa. Risasi hana, mzigo wote ni mitungi anayovutia hewa. Atapiga miguu mpaka achoke na ataendelea kushuka. Kwa vazi la namna hiyo wenye busara wanachukua aluminiamu na mkanda wa risasi unaoweza kufunguliwa.

Katika maji ya baridi hesabu inageuka. Kule mtu anavaa vazi kavu, lisiloingiza maji, na ndani yake nguo nene za kushikilia joto. Nguo hizo zimejaa hewa, zinaelea sana, na zinadai kilo nyingi za risasi ili mtu ashuke. Hapo uzito wa chuma si adui tena. Badala ya kubeba risasi isiyo na kazi nyingine, anabeba chuma chenye hewa. Na mfuko wa kuelea ukipasuka, anaongeza hewa ndani ya vazi kavu na kupanda. Kwa hiyo ukimkuta mzamiaji wa Norway au wa maziwa makubwa ya Canada na mitungi pacha ya chuma, na mwingine wa bahari ya joto na ya aluminiamu, usidhani mmoja ana pesa kuliko mwingine. Kila mmoja amesikiliza maji yake.

Baridi ina hila nyingine. Hewa inapotoka kwenye presha kubwa ya mtungi kuingia kwenye presha ndogo ya bomba, inapoa sana. Mama anayepika kwa gesi amewahi kuona mtungi unatoa jasho la baridi moto ukiwa mkali. Ni jambo linalofanana na hilo. Kwenye maji yenye nyuzi chini ya 10, unyevu unaweza kugeuka barafu ndani ya kidhibiti, nacho kinabaki wazi. Hewa inamwagika kwa kishindo, mapovu yanafunika macho, na mtungi mzima unaweza kuisha katika dakika chache. Kadiri hewa inavyomwagika ndivyo inavyozidi kupoa, na barafu inazidi. Dawa ni moja: funga robine ya upande ule, hamia upande wa pili. Mwenye mlango mmoja hana upande wa pili. Hapo ndipo kile kipande cha bomba cha Benjamin, kilichotengenezwa kwa ajili ya mashimo ya Bahamas, kikawa chombo cha lazima cha watu wa barafu.

Yote haya yalijaribiwa kwa uchungu kwenye meli zilizozama. Meli ya abiria ya Italia, Andrea Doria, iligongwa na meli Stockholm usiku wa tarehe 25 Julai 1956 karibu na kisiwa cha Nantucket, ikazama asubuhi yake. Peter Gimbel alishuka kuipiga picha siku moja tu baadaye. Iko kwenye karibu mita 75, maji ni baridi na giza, na tangu wakati huo imeua zaidi ya wazamiaji 15.

Mwaka 1991 wazamiaji wa New Jersey walikuta nyambizi ya Wajerumani ambayo hakuna kitabu kilichosema iko pale, kwenye karibu mita 70. Iliwachukua mpaka 1997 kujua kwa hakika kwamba ni U-869. Katika miaka hiyo walikufa watu watatu juu yake, na wawili kati yao walikuwa baba na kijana wake, Chris na Chrissy Rouse, tarehe 12 Oktoba 1992. Kijana alibanwa na vitu vilivyoanguka ndani ya nyambizi. Baba akamtoa. Lakini muda ulikuwa umekwisha liwa, mambo yalikuwa yamevurugika, na wote wawili wakapanda mpaka juu bila kusimama kwenye kituo hata kimoja. Walikuwa wazamiaji hodari, na vifaa walikuwa navyo. Kilichokosekana ni gesi yenye heliamu, ile isiyolewesha. Siku hiyo walivuta hewa ya kawaida kwa sababu heliamu ni ghali. Ndivyo anavyoeleza Bernie Chowdhury, aliyewafahamu, katika kitabu chake cha mwaka 2000. Nimeisoma habari hiyo mara mbili. Mtu anahesabu dolari zake, anaona mwezi huu hazitoshi, anasema tutafanya hivi hivi. Nani kati yetu hajapanda boti kwa hesabu ya namna hiyo?

Ni katika miaka hiyo hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ndipo watu walipoanza kuuita uzamiaji huu wa kiufundi, wakaacha kufichana siri za gesi na kuanza kufundishana waziwazi. Leo wengi wa wanaoshuka sana wanatumia mashini inayosafisha pumzi yao na kuirudisha, kwa hiyo mtungi mdogo unafanya saa nyingi. Lakini hata wao wanabeba mitungi ya pembeni, kwa siku ambayo mashini itagoma.

Tukirudi kwenye ziwa letu: Kivu si maji baridi kwa maana ya Norway. Juu ni karibu nyuzi 23 au 24. Lina kina cha karibu mita 480, na chini kabisa kuna gesi ya methani na ya kaboni dioksidi iliyoyeyuka, lakini huko hakuna mtu na mitungi pacha anayefika. Ugumu wake kwa mzamiaji uko mahali pengine, nao hauonekani kwa macho: ziwa liko mita 1,460 juu ya bahari. Hewa ya Goma ni nyepesi kuliko ya pwani. Meza za vituo vya kupanda zilitengenezwa kwa ajili ya bahari, kwa hiyo anayeshuka mita 40 hapa lazima ahesabu kama ameshuka karibu mita 47. Anayefuata meza ya bahari bila kugeuza hesabu anaweza kupanda akiwa mgonjwa. Na akiwa mgonjwa anahitaji chumba cha chuma cha presha na oksijeni, si kitanda cha kawaida. Kikosi cha kutoa miili kwenye maji marefu kinahitaji mitungi, kompresa safi, watu waliofundishwa miaka, na chumba hicho. Nimeyaweka yote pamoja kwa sababu mtungi peke yake, hata ukiletwa na msaada kesho asubuhi, ni chuma tu.

Afrika ina mahali panapofanana na petu kwa urefu: Boesmansgat, shimo la maji Afrika Kusini, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Desemba 1994 kijana Deon Dreyer alizama humo na hakuonekana. Wazazi wake walingoja miaka kumi. Oktoba 2004 mzamiaji kutoka Australia, Dave Shaw, aliukuta mwili kwenye sakafu ya shimo, mita 270 chini, akaahidi kurudi kuuchukua. Tarehe 8 Januari 2005 alirudi na kikosi. Mitungi ya akiba ilifungwa kwenye kamba kwa kina mbalimbali, kila mmoja na gesi yake, kama maduka yaliyopangwa kando ya njia. Shaw alifika chini, akaanza kuuweka mwili kwenye mfuko, akanaswa na kamba ya taa yake, akafa hapo hapo. Rafiki yake Don Shirley aliyekuwa anashuka kumpokea alipanda kwa saa nyingi akiwa mgonjwa, akihama kutoka mtungi mmoja hadi mwingine. Mitungi ile ndiyo iliyomfikisha juu akiwa hai.

Siku nne baadaye, watu walirudi kwenye shimo kwa kazi moja tu, kuvuta kamba na kukusanya mitungi iliyobaki. Katika kuivuta, mwili wa Shaw ukaja juu. Na chini yake, umenaswa kwenye kamba ya taa, ulikuwemo mwili wa Deon. Wazazi wake wakamzika.